Danieli Ugenini: Somo kwa Wanaotumwa Kusoma Ng'ambo



Mseminari anapoteuliwa kwenda kusoma Roma, parokia nzima hufurahi. Tunamwombea, tunamchangia nauli, tunampigia vigelegele. Baada ya hapo habari zake hutufikia kwa picha: amesimama mbele ya Basilika la Mtakatifu Petro, anatabasamu. Sisi tuliopita njia hiyo tunataka kusema juu ya siku zisizopigwa picha, ili anayekwenda ajiandae na anayebaki ajue namna ya kumsaidia.

Neno la Mungu

Tusome Danieli 1. Vijana wa Yuda wanapelekwa Babeli, wanapewa majina mapya, na kwa miaka 3 wanafundishwa lugha na maandiko ya Wakaldayo. Danieli hakuikataa elimu ile. Aliisoma hata akawapita wengine. Ila aliamua moyoni mwake tangu mwanzo kwamba hatajitia unajisi. Katika sura ya 6, akiwa mtu mkubwa serikalini, bado anasali mara 3 kwa siku, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Basi aliifungua akili yake kwa ugeni, wala hakulifunga dirisha la nyumbani.

1. Kuwa mtoto tena

Masomo huanza Oktoba, lakini mwanafunzi hutangulia miezi kadhaa kujifunza Kiitaliano. Wengine hupelekwa Perugia, kwenye chuo kikuu cha kuwafundisha wageni. Mtu aliyemaliza falsafa kwao sasa anaomba chumvi kwa kunyoosha kidole. Mmoja wetu aliambiwa afike ofisi fulani "alle otto". Otto ni nane. Naye, kwa mazoea ya saa zetu, akafika saa nane mchana. Kumbe walimtaka saa mbili asubuhi! Akakuta mlango umefungwa.

Mitihani mingi ni ya mdomo. Jibu unalijua, neno halitoki, na profesa anasubiri. Hapo tulijifunza unyenyekevu kuliko katika mafungo yoyote. Mtakatifu John Henry Newman, msomi aliyesifika Oxford, alikwenda Roma mwaka 1846 akiwa na miaka 45, akaishi katika Chuo cha Propaganda kama mwanafunzi pamoja na vijana. Akapewa upadre mwaka 1847. Hakuona aibu kuanza upya.

2. Karatasi na baridi

Mgeni anayekuja kusoma hutakiwa kuomba kibali cha kukaa ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia Italia. Fomu hupelekwa posta, kisha unaitwa polisi kuchukuliwa alama za vidole, halafu unasubiri, pengine miezi, ukiwa na risiti tu mfukoni. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Upweke huingia na giza hilo. Tulikwenda soko la Esquilino, karibu na stesheni ya Termini, kutafuta unga wa sembe. Ulipokosekana tulisonga ugali wa polenta, wa manjano. Tuliula pamoja kwa mikono, na usiku ule tulilala vizuri.

3. Simu ya nyumbani

Hapa ndipo penye jaribu kubwa. Nyumbani wanasema, "Mtoto wetu yuko Ulaya," na maombi yanafuata: ada ya mdogo wako, bati za nyumba, dawa za bibi. Ufadhili unalipa karo, chumba na chakula. Mfukoni hamna kitu. Umeshindwa mtihani, lakini ukiulizwa unajibu, "Huku salama tu." Tulijibu hivyo mara nyingi. Tulidhani tunawalinda wazazi, kumbe tulikuwa tunailinda sifa yetu. Kidogo kidogo tukaacha kupiga simu; na aliyeacha kusema kweli nyumbani, sala nayo ilimwia nzito. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kilichotuponya ni kusema. Tulimwambia mlezi wa kiroho, kisha mtu mmoja nyumbani: "Nimeshindwa, na sina hela." Mama mmoja alijibu tu, "Mwanangu, umekula?" Dirisha likafunguka.

Tufanye nini?

Wewe unayekwenda, chagua mapema mtu mmoja utakayemwambia kweli bila kupamba. Panga saa ya sala usiyoihamisha kwa ajili ya mtihani. Nanyi wazazi na wanaparokia, msimfanye kuwa benki. Mwulizeni kama analala, kama anakula, kama anasali. Akirudi bila shahada, mpokeeni kama mlivyomsindikiza.

Maswali ya kutafakari

1. Danieli alikubali nini Babeli, na alikataa nini? Wewe mpaka wako uko wapi?
2. Ni nani unayeweza kumwambia kwamba umeshindwa?
3. Jumuiya yetu imewasiliana lini na kijana wetu aliye mbali, bila kumwomba kitu?