Milioni Moja na Gramu Moja ya Dhahabu

Je, umepata kuona jiwe lenye dhahabu? Ikiwa unakaa Geita, au karibu na Bulyanhulu katika Mkoa wa Shinyanga, huenda umelikanyaga bila kulitambua. Dhahabu nyingi ya huko haionekani kwa macho. Mara nyingi tani nzima ya mawe huwa na gramu chache tu.

Tani moja ni kilo 1,000, na kila kilo ni gramu 1,000. Basi tani moja ni gramu 1,000 × 1,000, yaani 1,000,000. Huo ni uzito wa mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Tuseme mawe yenye uzito huo yana gramu moja ya dhahabu. Donge lake halifikii ukubwa wa punje ya mahindi! Mchimbaji anatafuta sehemu moja katika milioni.

Ukihesabu namba moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, utafika milioni baada ya siku 11, saa 13, dakika 46 na sekunde 40. Kwa kweli utachelewa, kwani ni nani awezaye kutamka 999,999 kwa sekunde moja?

Sasa itazame namba yenyewe. Milioni ni 10 × 10 × 10 × 10 × 10 × 10, na kila 10 ni 2 × 5. Kwa hiyo milioni imejengwa kwa 2 sita na 5 sita, bila namba tasa nyingine yoyote. Ndiyo sababu haigawanyiki kwa 3. Watu watatu wakigawana gramu 1,000,000, kila mmoja atapata gramu 333,333, na gramu 1 itabaki.

Zidisha zile 2 sita peke yake: utapata 64. Zidisha zile 5 sita: utapata 15,625. Basi 64 × 15,625 = 1,000,000. Hakuna namba nzima nyingine mbili, zisizo na sifuri hata moja, ziwezazo kutoa milioni zikizidishwa. Kila 2 ikutanapo na 5 huzaa sifuri.

Sifuri hizo zihesabiwe kwa uangalifu. Tuseme mwamba umepimwa, ukakutwa na gramu 1 ya dhahabu katika gramu 1,000,000. Mwandishi akiacha sifuri moja, itasomeka gramu 1 katika 100,000, yaani gramu 10 kwa kila tani. Wachimbaji wadogo watakopa fedha, watanunua magogo ya kuzuia kuta za shimo, ambalo wao huliita duara, na watachimba kwa miezi mingi. Watapata sehemu moja tu ya kumi ya dhahabu waliyoitarajia, na deni litabaki lile lile.

Maswali

1. Tani moja ya mawe ina gramu 1 ya dhahabu, nayo imeenea sawasawa. Kilo 50 za mawe hayo zina miligramu ngapi za dhahabu?

2. Je, 1,000,000 inagawanyika kwa 7? Eleza bila kugawanya.

3. Tafuta namba mbili zisizo na sifuri ambazo zikizidishwa hutoa 1,000. Kisha fanya hivyo kwa 10,000,000.