Somo: Mwombe mteja akufungulie mlango wa jirani



Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini mahali ambapo vita vimetenganisha watu, chema kinahitaji wa kukisindikiza. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma na kisha Bukavu, familia nyingi zilihama na benki zikafungwa. Mafundi wengi walipoteza wateja wao, na wengine wakaanza upya kati ya majirani wasiowajua.

Tuchukue mfano wa mama mshonaji aliyetoka Kalehe na kuweka cherehani yake katika mtaa wa Bukavu. Anashona libaya vizuri, lakini wanaomletea vikwembe ni watu wa kwao tu. Wengine wanapita. Hawachukii kazi yake, hawamjui. Afanye nini?

1. Aombe kwa wakati unaofaa. Wakati huo ni pale mteja anapovaa nguo, anajitazama na kufurahi. Asiombe kabla ya kumaliza kazi, wala siku ya kudai deni.

2. Aombe jambo moja lililo wazi. "Uniambie watu" ni neno linalosahaulika njiani. Afadhali aseme: "Mama, katika likelemba yenu kuna mtu anayetafuta mshonaji? Utanipeleka kwake?"

3. Asinunue sifa. Mteja akilipwa ili asifu, jirani atajua na hataamini tena. Shukrani ndogo baadaye inatosha.

4. Asitaje jina la mteja bila ruhusa. Katika siku za hofu, kujulikana kwamba unaingia nyumba fulani kunaweza kukuletea matatizo. Aulize kwanza: "Naweza kusema ni wewe uliyenituma?" Akikataa, aheshimu.

5. Alinde jina la aliyemtuma. Anayekupeleka kwa jirani amekukopesha jina lake. Ukichelewesha nguo au ukipoteza kipande cha kitambaa, aibu ni yake pia.

Tunasisitiza jambo moja. Tukiomba tupelekwe kwa ndugu za mteja tu, tunabaki ndani ya ukuta uleule. Mteja wa kabila lingine anapomwambia jirani yake, "Huyu mama ni mwaminifu, mimi mwenyewe nimeona," anafanya kazi ambayo mikutano yetu mara nyingi haiwezi kufanya. Mazungumzo yanaanzia kwenye kipimo cha nguo, si kwenye kabila. Hapo riziki na amani vinapita mlango mmoja.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

– Wateja wetu wanatoka upande gani wa mtaa? Nani hajawahi kuja, na kwa sababu gani?
– Ni mteja gani mmoja tunayeweza kumwomba wiki hii atupeleke kwa mtu tusiyemjua?
– Sisi wenyewe, ni fundi gani wa kabila lingine tunayeweza kumsifu mbele ya ndugu zetu?

Jaribuni, kisha mwelezane katika mkutano ujao.