Ukishakombolewa, Usilipe Tena

Barua zenu kuhusu uhuru katika Kristo zimejaza droo yangu. Sikuchagua zilizo rahisi. Nimechagua zinazoninyima usingizi, kwa sababu nyuma ya kila moja yupo mtu aliyehubiriwa kwamba Yesu amemweka huru, kisha akatajiwa bei.

Mchungaji, shikamoo. Katika ukoo wetu wanawake hawadumu kwenye ndoa. Nabii ameona laana ya bibi mzaa baba, na ameniambia nitoe sadaka ya kujikomboa, shilingi laki tatu. Nimeshatoa laki moja. Nikimalizia nitafunguliwa?

(Barua nyingine nane zinauliza jambo hilohilo: laana ya umaskini, ya utasa, ya kufeli mitihani. Nazijibu pamoja.)

Marahaba, binti yangu. Usimalizie. Na hiyo laki moja haikukununulia kitu.

Tuanze na neno lenyewe. Kukomboa lilikuwa neno la madeni na biashara kabla halijawa la madhabahuni. Ukiweka baiskeli rehani, unalipa deni, unaikomboa. Pwani yetu hii watu nao walikombolewa hivyo. Kule Rabai, karibu na Mombasa, watumwa waliotoroka mashambani walikimbilia misheni, wakajenga na kulima. Mabwana zao wakaja juu, wakidai mali yao irudishwe. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekabidhiwa utawala wa pwani iliwalipa mabwana hao fidia, na watoro zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru.

Sasa mwone mtoro mmoja na hati yake mkononi. Mwaka unapita, anakutana na mtu njiani: "Bado hujawa huru, nilipe na mimi." Mtu huyo tungemwita nani? Mfanyabiashara ya watumwa. Basi anayekuuzia ukombozi leo simtafutii jina jingine. Paulo anawaandikia Wagalatia (3:13) kwamba Kristo alituondoa katika laana kwa kuibeba yeye mwenyewe. Mfano wangu una mpaka wake, kwa maana Biblia haisemi popote kwamba Mungu alimlipa Shetani. Lakini bei ililipwa, na hakuna salio lililoachwa kwa nabii wako kukusanya.

Mtaniambia: "Mbona Kutoka 20:5 inasema Mungu hupatiliza wana maovu ya baba zao?" Nalijua andiko hilo. Ndilo linalosomwa kila mara, na kila mara msomaji hukomea njiani. Maliza mstari: wanaotajwa ni wanaomchukia Mungu. Songa mstari wa sita: hapo panatajwa rehema, na hiyo inakwenda kwa maelfu. Kisha soma Ezekieli 18 yote, bila kuruka. Waisraeli walikuwa na methali kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya wana ndiyo yanayopata ganzi. Mungu aliikataza methali hiyo isitumike tena. Na wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu alilikataa swali lenyewe (Yohana 9). Sisi tumeliokota, tukaligeuza mradi.

Sisemi kwamba hakuna kinachorithiwa. Selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, hurithiwa, na hupimwa maabara. Vipigo navyo hurithiwa: msichana aliyekua akimwona mama yake akipigwa anaweza kudhani ndoa ndivyo zilivyo. Ulevi, madeni, desturi ya kumtoa binti shule ili aozwe, yote hupokezana vizazi. Lakini hayo yana majina yake, na yana pa kuyapeleka: kwa daktari, kwa mshauri wa ndoa, shuleni, mahakamani. Ukishayaita laana hutayagusa tena, utabaki kulipa. Waulize mama na shangazi zako waliolewa wakiwa na umri gani, na waume zao waliwatendea nini. Majibu utayapata sebuleni kabla hujafika kaburini kwa bibi. Naye bibi tumwache apumzike. Marehemu hana wa kumtetea.

Mafuta ya upako, maji, chumvi: Mkristo anavihitaji ili awe huru?

Hapana. Yakobo anataja wazee wanaomwombea mgonjwa na kumpaka mafuta. Hataji chupa ya kuuza. Simoni mchawi alipotaka kununua nguvu za Roho kule Samaria, Petro alimkemea vikali (Matendo 8). Mwezi Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana wakati umati ulipoyakimbilia mafuta ya upako. Walikuwa wamekuja kutafuta uzima.

Nimeombewa. Naweza kuacha ARV?

Usiache. Nimeongoza mazishi ya mtu aliyeambiwa aache.

Mume wangu ameokoka. Nikimwuliza matumizi ya nyumbani na ada za watoto anasema yuko chini ya neema, si chini ya sheria. Je, huo ndio uhuru?

La, mama. Huo ni utoro. Wagalatia 5:13 inasema tumeitwa tuwe huru, na papo hapo inatutaka tutumikiane kwa upendo. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kijitabu kizima juu ya uhuru wa Mkristo, na kiini chake ni mambo mawili yasiyotenganishwa: kwa imani Mkristo hana bwana mwingine juu yake, na kwa upendo ni mtumishi wa kila mtu. Mumeo amekata karatasi katikati akabaki na nusu inayompendeza. Mpeleke kwa wazee wa kanisa. Asiposikia, nenda ustawi wa jamii, wala usidhani umemkosea Mungu.

Nilimpokea Yesu mwaka jana, lakini pombe bado inanivuta. Nimeanguka mara tatu. Labda sikuokoka kweli?

Kijana wangu, soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake. Wengi walibaki palepale. Hawakuwa na shamba wala ndugu wa kukimbilia. Mlango kufunguliwa ni jambo moja. Kujifunza kutembea nje ni jambo jingine, na halifanywi na mtu peke yake.

Kwa hiyo badili njia ya kurudia nyumbani. Mchague mzee mmoja umwambie ukweli wote, si nusu. Kama ulikuwa unanywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, anza hospitali, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Na ukianguka Jumamosi, Jumapili njoo. Aibu ikikuzuia kuja, pombe imeshinda mara mbili.

Mchungaji wetu hapendi kuulizwa maswali. Anasema kumhoji mtumishi ni kumhoji Mungu.

Ondoka. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na waathirika waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hatukufika huko kwa siku moja. Tulianza kwa kunyamaza.

Wala uonevu ndani ya kanisa si jambo geni kwetu. Freretown, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa, kiliwahi kuwa na wasimamizi wa misheni waliowachapa viboko watu walewale walioitwa huru. Waberoya walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko waone kama aliyoyasema Paulo ni kweli (Matendo 17:11). Kama Paulo alichunguzwa, mchungaji wako ni nani? Na mimi ni nani?

Nitajuaje kusudi la Mungu katika maisha yangu?

(Barua sita, zote za vijana. Wawili wameambiwa waache kazi wasubiri huduma kubwa.)

Rudini kazini kesho asubuhi.

Mmefundishwa kwamba kusudi ni jukwaa, kipaza sauti na umati. Yesu alikuwa na umri wa miaka kama 30 alipoanza kuhubiri. Kabla ya hapo Nazareti walimjua kama seremala. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Na yale maneno ya Wakolosai 3 kuhusu kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana yaliandikiwa watumwa, watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza ndoto zao. Paulo aliwapa heshima ambayo bwana zao hawakuwapa: kazi ya mikono yao inaonekana mbinguni.

Vijana waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa wakafikishwa Zanzibar, baadhi yao walifundishwa kazi ya uchapaji chini ya Askofu Edward Steere. Kurasa za Maandiko kwa Kiswahili zilipita mikononi mwao. Herufi ya risasi baada ya herufi, na ikikaa kichwa chini mtu anaitoa anairudishia. Mwingine wa kizazi hicho, Cecil Majaliwa, alipewa upadre mwaka 1890 na akahudumu kati ya Wayao, watu wa kabila lake. Padre na mpanga herufi walikuwa na kusudi moja, wakalifanya kwa mikono tofauti.

Unayeuza maandazi, pima unga sawasawa. Mwalimu, sahihisha madaftari. Kondakta, mrudishie bibi chenji yake bila kuombwa. Anzeni hapo. Mungu akitaka kuwahamisha, anajua mnapofanyia kazi.

Mimi ni mlinzi wa usiku. Jumapili asubuhi nalala, ibadani sifiki. Je, nimetoka katika kusudi?

Hujatoka, ndugu yangu. Mtaa mzima unalala kwa sababu wewe uko macho. Lakini unahitaji ushirika kama mtu mwingine yeyote, basi mwombe mchungaji wako ibada ya jioni katikati ya wiki. Akisema watu watakuwa wachache, mwambie wewe utakuwepo.