Sikio Kwanza, Jicho Baadaye

Mwaka huu nimepewa nafasi ya kuwaeleza juu ya ushairi wa lahaja. Mfano wangu nimeutoa mbali, huko Uskoti, nchi iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Britania. Msishtuke. Mkifika mwisho mtaona kwa nini nimewavusha bahari.

Uskoti kuna lugha iitwayo Kiskoti. Ni ndugu wa Kiingereza, shina lao moja, lakini ina matamshi na maneno yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, zaidi ya watu milioni moja na nusu walisema wanaizungumza. Malenga wake mashuhuri ni Robert Burns, mwana wa mkulima, aliyezaliwa 1759 na kufariki 1796. Kitabu chake cha kwanza kilichapishwa mjini Kilmarnock mwaka 1786, nakala 612 tu. Katika anwani ya kitabu hicho alitangaza wazi kwamba mashairi yake mengi ni ya lahaja ya Kiskoti. Hakuona haya.

Chama chetu kilisikiliza rekodi za mashairi hayo yakisomwa. Hebu niwaeleze hatua zenyewe ili nanyi mjaribu.

Kwanza, sikiliza bila karatasi. Msomaji wa Kiskoti huitetemesha "r" ulimini, na ana sauti ya "kh" kama yetu katika "kheri". Usiku kwao ni "nicht". Nyumba, ambayo Mwingereza huiita "house", kwao ni "hoose", yaani "hus". Ukiyaona maneno hayo kwenye karatasi utadhani mpiga chapa amekosea. Ukiyasikia, kumbe hakuna kosa hata moja!

Pili, fuata vina. Kwa Mwingereza "head" na "need" havina urari. Kwa Mskoti "head" hutamkwa "hid", basi kina kinakaa sawasawa. Anayesoma shairi hilo kwa Kiingereza sanifu huvunja vina alivyovijenga mtunzi, halafu ati amlaumu mtunzi!

Tatu, sikiliza pumzi. Burns alipenda ubeti wa mishororo sita. Wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa tano ni mirefu, ya mizani nane hivi, na ina kina kimoja. Wa nne na wa sita ni mifupi, karibu nusu ya ile, nayo ina kina chake. Kwa jicho ni mistari tu. Kwa sikio ni mtu anayepiga hatua tatu ndefu, kisha anasita. Katika shairi lake la 1785 juu ya panya, plau imebomoa kiota na baridi inakuja, naye mkulima anasema na panya yule kwa huruma. Humwita "beastie", na hiyo "-ie" ya mwisho ni ya udogo na mapenzi, kama sisi tunavyosema "kitoto".

Nne, badilisha msomaji. Mtu wa pande za Aberdeen, kaskazini mashariki, husema "fit" pale Mwingereza anaposema "what". Kumbe hata lahaja ina lahaja zake.

Sasa mtauliza, sauti hizi zilihifadhiwaje? Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha idara ya kuchunguza mila na lugha za Uskoti. Watafiti kama Hamish Henderson walibeba mashine za kunasa sauti hadi mashambani na kwenye kambi za watu wa kuhamahama. Wakati huo shuleni watoto walikosolewa wakisema Kiskoti, wakiambiwa ni Kiingereza kibovu. Sheria ya kukipa Kiskoti hadhi rasmi ilipitishwa na Bunge la Uskoti mwaka 2025. Je, wangalingoja sheria? Wazee wangalikuwa wamekwenda zamani, na mashairi yao vifuani.

Hapo ndipo nataka tujitazame. Nyanya yangu husema Kimvita, na anajua kwa moyo mashairi ambayo sijayaona katika kitabu chochote. Yeye hasemi "moja", husema "moya". Mtu akimsahihisha, kina cha "ya" kitageuka "ja" na ubeti mzima utaanguka. Sisemi tuandike insha za mtihani kwa Kimvita au Kiamu, la. Kiswahili sanifu kina kazi yake. Ninalosema ni kwamba kalamu nyekundu ya darasani haina kazi barazani kwa nyanya.

Wenzetu wa shule za bweni hukaa muhula mzima mbali na kwao. Sisi wa shule ya kutwa twarudi nyumbani kila jioni. Basi leo jioni omba simu ya mzazi, keti karibu na mzee wako, mwombe ruhusa, kisha unase shairi moja tu. Usimkatize, wala usimsahihishe. Andika jina lake, mji wake na tarehe, ulete chamani. Tutasikiliza kwanza, tutaandika baadaye. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.