Petroli Isipofika Kwenye Injini: Somo la Kanieneo na Uchunguzi

Ichukuliwe kwamba gari la zamani lenye kabureta, mathalani Peugeot 404 au Land Rover, linapanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto wakati wa jua kali. Njiani injini inakohoa, inapungua nguvu, kisha inazimika. Dereva anangoja, baada ya dakika 20 gari linawaka tena kama kwamba halikuwa na kasoro yoyote. Mara nyingi mwenye gari hushauriwa kununua pampu mpya. Akiisha kuifunga, gari huzimika tena mlima uleule. Fedha zimekwenda, na chanzo hakijajulikana.

Kosa hilo ni la kutibu kabla ya kupima. Kanuni za fizikia zinazofundishwa darasani zatosha kuliepuka.

Safari ya petroli

Petroli hutoka kwenye tangi, hupita katika bomba na chujio, huingia katika pampu inayoendeshwa na injini, kisha husukumwa hadi kwenye bakuli la kabureta. Ndani ya pampu mna kiwambo cha mpira na vali mbili. Kiwambo kinapovutwa, kanieneo ndani ya pampu hupungua. Kwa hakika pampu haiivuti petroli. Kanieneo ya hewa iliyomo katika tangi ndiyo inayoisukuma kuelekea kwenye pampu.

Katika bakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya huinuka na kuisukuma sindano ifunge mlango. Hewa inayokwenda injini hupita kwa kasi katika koo jembamba la kabureta, na hapo kanieneo yake hushuka, kwa mujibu wa kanuni aliyoichapisha Daniel Bernoulli mwaka 1738. Ndipo petroli hutoka kwenye jeti ikachanganyika na hewa, takribani gramu 1 ya petroli kwa gramu 15 za hewa.

Dalili moja, vyanzo vingi

Gari linalozimika na kupona baada ya kupumzika laweza kuwa na mojawapo ya kasoro nne. Kwanza, tundu la hewa la kifuniko cha tangi limeziba: petroli inapopungua, hewa haiingii, na kanieneo katika tangi hushuka hata isiweze kuisukuma petroli. Pili, petroli imegeuka mvuke katika bomba lililo karibu na injini. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na kanieneo ikipungua huchemka mapema zaidi. Huko Lushoto, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Tatu, taka za tangi zimeziba bomba, nazo hutulia injini inapozimwa. Nne, petroli haina kosa: koili ya umeme imeshindwa kwa joto.

Utaratibu wa kupima

Vipimo vifanywe mara gari linapozimika. Likipoa, ushahidi hutoweka.

1. Injini ikiwa imezimwa, tazama ndani ya koo la kabureta na kuusukuma mkono wa kichapuzi. Petroli ikiruka, bakuli lina petroli. Chunguza jeti na umeme.

2. Isiporuka, fungua kifuniko cha tangi polepole na kusikiliza. Hewa ikiingia kwa mlio na gari likawaka, tundu limeziba.

3. Lisipowaka, ngoja injini ipoe. Ondoa waya mwembamba wa koili ili cheche zisitokee, elekeza bomba la kabureta ndani ya chupa, kisha zungusha injini kwa stata. Petroli ikitoka kwa mapigo yenye nguvu, pampu ni nzima. Tazama sindano na chujio la kabureta, na ukumbuke mvuke.

4. Ikitoka kidogo, chomeka mpira wa kuingilia pampu katika kopo la petroli safi. Mapigo yakirudi, kasoro ni ya tangi au bomba. Yasiporudi, pampu ndiyo mbovu.

Bomba lenye ufa kabla ya pampu halivuji wakati injini inafanya kazi. Huingiza hewa, kwa kuwa kanieneo ya ndani ni ndogo kuliko ya nje. Hivyo ukavu wa bomba si uthibitisho wa uzima wake.

Tahadhari: kazi hii ifanywe nje, mbali na moto na sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini hadi ukutane na moto. Wanafunzi wasiifanye bila fundi.

Jaribio la darasani

Jaza chupa ya kioo maji hadi juu, ipitishie mrija katika kizibo kilichobana, na kuziba kila mwanya kwa nta. Mwanafunzi akinyonya atapata maji kidogo tu, kisha atashindwa. Kizibo kikilegezwa, maji hupanda.

Maswali

1. Kwa nini tangi lililojaa kabisa huonyesha kasoro ya kifuniko mapema kuliko lililo nusu?

2. Kitambaa chenye maji kikiwekwa juu ya pampu yenye joto, gari huweza kuwaka upesi. Eleza sababu mbili.

3. Pampu mpya ilifungwa na gari likawaka. Je, imethibitika kwamba pampu ya kwanza ilikuwa mbovu?