Mtoto Anapoogopa Chakula

Tumezoea kuzungumza juu ya njaa ya kukosa chakula. Somo la safari hii ni juu ya mtu anayekataa chakula kilichopo, hata akafikia kufa. Tukilitaja jambo hili, akina mama hutuuliza, "Huo si ugonjwa wa Wazungu?"

Sivyo. Kule visiwa vya Fiji watu walipenda mwili ulionenepa, na mtu akikonda walimhurumia. Televisheni ilipofika wilaya ya Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker hakupata msichana hata mmoja katika aliowauliza aliyejitapisha ili apungue. Mwaka 1998 aliuliza tena: wasichana 11 katika kila 100 walikubali kwamba wamefanya hivyo. Nasi leo picha zinatufikia kwa simu mpaka jikoni.

Ugonjwa huu una sura mbili kubwa. Mwenye anoreksia hujinyima chakula. Mwenye bulimia hula kwa wingi kwa siri, kisha hujitapisha au kunywa dawa ya kuharisha. Huyu wa pili anaweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa, kwa hiyo kupima kwa macho hakutoshi. Wavulana pia hupatwa.

Tazameni mwenendo. Mtoto ametoka shule ya bweni, na kila mlo ati ameshakula kwa shangazi. Anapikia nyumba nzima chapati lakini haonji. Ugali anaumegamega na kuusogeza tu sahanini. Akila, mara anakimbilia choo. Anavaa sweta jua likiwaka, maana anasikia baridi, na tena anaficha mifupa. Nywele zinakatika, kizunguzungu hakiishi. Anayejitapisha huweza kuwa na makovu juu ya vifundo vya vidole, mashavu yaliyovimba karibu na taya, na meno yaliyolika.

Halafu hedhi inakoma. Hapo ndipo familia nyingi hupotea njia: mama anadhani ni mimba, jirani ananong'ona Ukimwi, mwingine anasema amerogwa. Msichana anapigwa, naye ni mgonjwa! Ni kweli kukonda kuna sababu nyingi, kama kifua kikuu na kisukari, kwa hiyo apelekwe zahanati apimwe. Lakini sikilizeni pia maneno yake. Mwenye kifua kikuu husikitika akiona anakonda. Huyu wetu huogopa kunenepa hata mbavu zikihesabika.

Neno kwa makatekista. Sheria ya Kanisa ya kufunga huwabana waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60, na mgonjwa hafungwi nayo. Msichana wa miaka 15 anayefunga Kwaresima nzima, na Pasaka ikipita bado anaendelea, msimsifu haraka. Mwulizeni.

Kuuliza nako kuna njia yake. Aende mtu mmoja anayependwa na mtoto, wala si wakati wa chakula. "Mwanangu, siku hizi huli nasi, na tunaogopa. Kuna nini?" Asimwambie amekonda kama ukuni. Na akianza kupona, msimwambie, "Sasa umenona, umependeza!" Kwetu ni sifa, lakini masikioni mwake ni tusi.

Msimshindilie sahani kubwa kwa nguvu. Aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kingi ghafla, madini ya mwilini huvurugika, na moyo unaweza kusimama. Kiasi cha kuanzia kipangwe na daktari. Akizirai, moyo ukimpiga vibaya au asipoweza kubakiza hata maji tumboni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, msingoje siku ya soko.

Ya kuzungumzia kikundini: Kijijini kwetu tunamtania vipi msichana mnene? Na mwembamba je? Binti akiwa na siri ya namna hii, ni nani kati yetu anaweza kumwendea bila kuogopa kutangazwa kisimani?