Neno "Bwana" na Uhakiki wa Ndani wa Kanisa: Mfano wa Freretown na Rabai

Makala haya yanachunguza jinsi kanisa la pwani ya Kenya lilivyosahihishwa na watu wake wenyewe, kwa kuzingatia maana tatu za neno bwana. Katika Kiswahili cha karne ya 19, bwana alikuwa mmiliki wa mtumwa. Alikuwa pia Mzungu mwenye mamlaka. Katika ibada ya Kikristo, Bwana ni Mungu.

Maana hizo zilikutana Kisauni, ambako wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha kijiji cha Freretown kati ya 1874 na 1875 ili kuwapa makao watumwa waliookolewa majahazini. Waliofika hapo walihesabiwa kuwa mahuru. Hata hivyo, mwaka 1881 msimamizi wa kituo, J. R. Streeter, alishutumiwa kwa kuwachapa wakazi viboko na kuwafunga, hatimaye akaondolewa. Bwana wa pili alikuwa amefanana mno na wa kwanza.

Changamoto nzito zaidi ilizuka katika kituo dada cha Rabai, vilimani nje ya Mombasa. William Henry Jones, aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India, alipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Wakuu wa misheni walikataza kuwapokea watumwa watoro, wakihofia ugomvi na mabwana zao. Chini ya uangalizi wa Jones, watoro waliendelea kupata hifadhi Rabai. Mwaka 1888 ilibainika kuwa vituo vya misheni vilikuwa na watoro wapatao 1,400. George Mackenzie wa kampuni ya IBEA alilipa fidia ili wapewe hati za uhuru.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Jones hakulipinga kanisa kutoka nje; alikuwa shemasi wake. Alichokifanya ni kulidai litimize lilichokihubiri. Aidha, fidia yenyewe ilikiri kwamba mtu aweza kuwa mali ya mwenzake, hivyo marekebisho hayo yalibaki nusu.

Riwaya ya James Juma Mbotela, Uhuru wa Watumwa (1934), imehakikiwa mara nyingi kuwa ni shukrani kwa Waingereza. Msomaji anayeijua habari ya Rabai ana swali la ziada la kuiuliza: je, uhuru unaosimuliwa humo ni ule uliotolewa na bwana, au ule uliotafutwa na mtoro kwa miguu yake?